Gumbo Isiyo na Macho

Anse Bleue, Louisiana
6 Januari 1987

Wifi yangu Philomène,

Salamu nitakupa mwishoni kama nitakuwa bado na nguvu. Leo nimeletewa barua ya Célie. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na haikubadilika. Pasaka haji. Anakwenda Houston kwa mama yake Terrence. Wifi, mtoto tuliyemlea mimi na wewe tangu kaka yangu Clébert na dada yako Odalie walipotutoka, wewe ukimsomesha huko New Orleans, mimi nikimnenepesha huku kila likizo, leo anakwenda kula Pasaka kwa mwanamke wa Texas!

Na yote haya kwa ajili ya kipande cha taso ndani ya gumbo, mchuzi wetu mzito wa sikukuu.

Siku ya Krismasi ulikuwepo mezani, kwa hiyo usijifanye hukuona. Alikuja na huyo mchumba wake, mrefu, mpole, kila kitu "ndiyo mama". Célie, na huko kukataa kwake nyama, akaniuliza mbele ya watu wote, "Shangazi, gumbo hii haina nyama?" Nikasema haina. Akauliza, "Kweli?" Nikaapa. Nikaapa kwa jina la mama yake, marehemu Odalie, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Na haikuwa na nyama, wifi! Nyama ni ng'ombe, ni bata, ni soseji unayoiona. Mimi nilitia taso tu, kipande kama kiganja, cha kutia harufu. Tangu lini taso ikawa nyama? Nguruwe akishapakwa pilipili na kukaa kwenye moshi mpaka akawa mweusi, huyo si nguruwe tena, ni kiungo. Mama yangu alikuwa anaiweka kabatini pamoja na bizari.

Basi Terrence akaing'ata, akaitoa kwa adabu kwenye kitambaa, na wewe ukacheka. Mimi nilicheka kwa sababu wewe ulicheka.

Célie hakucheka wala hakulia. Aliweka kijiko chini, akanywa maji. Sasa ananiandikia, "Shangazi, si nyama iliyoniumiza." Kama si nyama, ni nini? Mwandikie wewe, maana una maneno ya mjini. Mwambie shangazi yake anaumwa. Usimwambie anaumwa nini.

Wifi yako,
Azélie

---

New Orleans
12 Januari 1987

Wifi Azélie,

Kwanza, sikucheka. Nilikohoa. Ile ru yako, huo unga unaoukaanga kwenye mafuta mpaka unafanana na lami, mtu akipaliwa nayo atakohoa tu.

Pili, huumwi. Una afya ya punda.

Tatu, na hapa sina mzaha. Uliapa kwa jina la dada yangu juu ya chungu cha nguruwe. Odalie, ambaye alikuwa hawezi kusema uongo hata kwa mtoza kodi! Ulitaka mtoto afanye nini, apige makofi? Hiyo ndiyo iliyomuumiza, na hukuhitaji maneno ya mjini kuielewa.

Mimi kwangu hayo hayapo. Célie akipata mapumziko ya Jumatatu pale hospitali ya Baton Rouge anakofanya kazi, hupanda basi akaja kula maharage mekundu yasiyo na nyama, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Natia kipande kidogo cha nguruwe wa siki ili maharage yalainike, halafu nakitoa kabla hajafika. Kikishatoka, kimetoka. Hiyo ndiyo tofauti ya sisi Wakrioli wa mjini na nyie Wakejani wa vijijini: sisi tuna ustaarabu wa kukitoa.

Sasa sikia habari mbaya zaidi. Jana kanipigia simu. Nikamuuliza harusi itakuwa lini, akasema Oktoba. Nikamuuliza wapi. Akasema, "Mama yake Terrence ana ua mkubwa." Wifi, ua mkubwa! Nimeuliza kwa watu wa kanisani wenye ndugu Houston. Wanasema mama huyo anampikia wali mweupe na mbaazi za kopo, basi, na Célie anakula anashukuru. Tusipoangalia tutaalikwa harusi ya mtoto wetu kama majirani, tukae viti vya nyuma tukipepewa na watu tusiowajua.

Nina wazo. Ijumaa Kuu hata wewe huli nyama, na kwetu mjini siku hiyo tunapika gumbo ya majani, ile ya kijani. Tumwite siku hiyo. Chakula kimoja, sahani moja, sisi sote, bila kumtenga kama mgonjwa. Tuipike kwako ili aone ni wewe uliyebadilika, na niwepo mimi ili iwe tamu.

Mwandikie umwombe radhi. Fupi. Bila kueleza taso ni nini.

Philomène

---

Baton Rouge
2 Februari 1987

Shangazi Azélie na Mama Mdogo Philomène,

Nimewaandikia barua moja kwa karatasi ya kaboni, kila mmoja apate yake, msije mkaanza kubishana nani nilimwandikia kwanza.

Shangazi, nimepata barua yako ya radhi. Kurasa tatu kuhusu taso. Nashukuru hata hivyo, maana mwishoni uliandika "nisamehe mwanangu" na karatasi ilikuwa imelowa. Kama ni maji ya vyombo usiniambie.

Nitasema mara moja tu. Sili chochote kilichowahi kuwa na macho. Maziwa nakula, siagi nakula, mayai nakula. Siumwi, sijaingia dini nyingine, na Terrence hajanilazimisha. Yeye mwenyewe alianza kwa sababu yangu. Nimechagua tu, kama nyie mlivyochagua kutokula pizza.

Na sikukasirika kwa sababu ya nyama. Sina picha nyingi za mama yangu. Nina jina lake, na kwenu nyie wawili jina hilo ndilo nililokuwa nikiliamini kuliko maandiko. Mkisema "kwa jina la Odalie," mimi nilikuwa nimemaliza kuuliza. Sasa nimekaa mezani kwenu nikatazama ndani ya bakuli kama mtu anayekula kwa wageni. Sikulipenda jambo hilo. Nikija kupata watoto nataka wakae mezani kwenu wale bila kutazama.

Ijumaa Kuu nitakuja, mimi na Terrence. Harusi tutaamua baada ya hapo, iwe huko au Houston. Siwatishi. Nawaambia tu ukweli, ili walau mmoja wetu awe ameusema.

Nawapenda mpaka nakasirika.
Célie

---

Anse Bleue
10 Machi 1987

Wifi Philomène,

Ulisoma "mpaka nakasirika"? Huyo ni Clébert mtupu. Nilibusu karatasi.

Tangu Jumatano ya Majivu nimeingia kazini. Nilianza kwa kutafuta elimu. Nilimsubiri Padri Landreneau baada ya misa nikamuuliza, "Padri, nyama ni nini?" Akafikiri nimekuja kuungama. Nilipomweleza, akasema Kwaresima yote kinachoishi majini si nyama: samaki, kamba, kaa, hata mamba. Nikakimbia nyumbani kumwandikia Célie kwamba Kanisa limeruhusu mamba. Akanijibu kwa kadi yenye neno moja: "Macho."

Sawa. Nikakaa nikafikiri. Nikaenda kununua chaza, nikamfungua, nikamgeuza huku na huku juani. Wifi, chaza hana macho. Nimemtafuta kwa miwani. Nikamwandikia tena nikimweleza utafiti wangu. Ikaja kadi nyingine: "Shangazi." Basi. Hata nukta aliikandamiza.

Kwa hiyo nimeacha bahari na nchi kavu, nimebaki na bustani. Jumamosi nimepika ya majaribio. Nimekaanga ru taratibu, nimetia vitunguu, seleri na hoho, ule utatu wetu, halafu sukuma, haradali, spinachi na majani ya figili. Sikutia taso. Nilipita mbele ya kabati mara nyingi, taso ikinitazama, na nikaiacha. Ovide Guidry, jirani yangu, ambaye akiona mboga huuliza mgonjwa ni nani, alikula mabakuli matatu, akalamba kijiko, akasema, "Azélie, hii ina soseji ya nani?" Nikamwambia haina. Akabisha! Nikamfunulia chungu akakoroga mwenyewe mpaka chini.

Hakuna jicho hata moja mle ndani. Ru nimekaanga kwa mafuta yangu yale yale ya kwenye kopo, vingine vyote ni shamba. Mwambie mama yake Terrence aanze kukodisha ua wake kwa watu wengine.

Wifi yako mwenye ushindi,
Azélie

---

New Orleans
19 Machi 1987

Wifi,

Mafuta yapi?

Nauliza mafuta yapi, ingawa najua. Lile kopo la kahawa lililo pembeni ya jiko lako, ambalo kila asubuhi unamiminia mafuta ya nguruwe uliyokaangia mayai, ambalo halijawahi kuwa tupu tangu vita. Azélie! Ovide hakukosea. Alionja nguruwe kwa sababu alikuwa akila nguruwe! Umempikia mtu nguruwe aliyeyeyuka halafu unamfunulia chungu atafute.

Najua utaniambia mafuta hayana macho. Usiniambie. Nimekusikia ukifikiri mpaka huku.

Célie akiuliza Ijumaa Kuu, na atauliza, mbele ya Terrence, utamjibu nini? Utaapa tena? Safari hii jibu liwe safi mpaka chini. Kaanga ru kwa mafuta ya mahindi kama watu waliostaarabika. Mimi yangu nimeshajaribu hapa, majani matupu, sina kopo lolote, nimetumia supu tu badala ya maji ili isipooze, na imekuwa ya kijani nzito, mpaka Mama Delphine wa ghorofa ya juu aliteremka na sahani bila kuitwa.

Jifunze.
Philomène

---

Anse Bleue
27 Machi 1987

Wifi yangu mstaarabu,

Supu ya nini?

Nauliza supu ya nini, ingawa najua. Ya kuku. Usikatae, wewe una supu ya kuku mpaka kwenye mishipa. Najua na utakavyojitetea: kuku hakuingia, alipita tu. Alichemka, akaaga, akaondoka, kama yule nguruwe wako wa siki wa Jumatatu anayetolewa kabla mgeni hajafika. Philomène, kuku ana macho mawili, moja kila upande, ili akuone vizuri unapomdanganya mtoto!

Nilicheka mpaka Ovide akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakaa, kicheko kikaisha chenyewe. Maana nilianza kupima jibu langu kama ulivyosema. Nikajisemea, Célie ameniuliza, nami najibu. Taso hakuna. Mafuta ya kopo hakuna, nimempa Ovide lote akapake bawaba. Supu hakuna. Nikaangalia jikoni kote kama kuna kitu kimebaki, nikakiona chungu.

Chungu cha chuma cha mama. Unakijua. Hakijawahi kuoshwa kwa sabuni tangu alipokinunua akiwa msichana. Kinafutwa na kupakwa mafuta, na mafuta hayo ni nguruwe. Weusi wote ule unaong'aa, wifi, ambao watu wanausifu, ni nguruwe juu ya nguruwe, mimi juu ya mama. Nikipika majani mle, majani yatatoka na jibu la nguruwe. Nilijiambia hakuna atakayejua. Nikajiambia ni chungu, si chakula. Nilikaa nacho kama kesi, nikijitetea na kujihukumu mwenyewe.

Jana nimekiosha. Kwa sabuni na waya wa kusugulia, mara ya kwanza, halafu ya pili. Maji yalitoka meusi, halafu ya kahawia, halafu mekundu ya kutu. Nilimwomba mama radhi kwa sauti, Ovide akasikia, akavua kofia uani kwake. Sasa kipo dirishani, kijivu, kimedhalilika, kama mtu aliyenyolewa hospitalini. Sijui kama kitapona. Nilitia maji nikaonja: ladha ya geti.

Nimenunua sufuria mpya Lafayette. Ya aluminiamu. Inang'aa mpaka naona aibu kuipikia.

Azélie

---

New Orleans
4 Aprili 1987

Azélie,

Nimefika kwenye neno "sabuni" nikakaa chini.

Siku zote nimekuwa nikikudharau kidogo, unajua, na wewe ukinidharau kidogo, na tumeishi vizuri. Sasa umeniharibia. Nitamdharau vipi mwanamke aliyeosha chungu cha mama yake? Nilimsimulia Mama Delphine, akajifanyia ishara ya msalaba.

Supu ya kuku nimeimwaga. Nilitaka uelewe kwamba kwangu hilo halikuwa jambo dogo.

Nakuja Jumatano Takatifu kwa basi la mchana, mwambie Ovide anipokee na gari lake, na mbwa amwache nyumbani. Nakuja na majani kutoka sokoni. Usinunue kitu, mimi ndiye nitakayehesabu, maana najua utasahau: gumbo ya majani lazima majani yawe witiri, saba, au tisa, au kumi na moja. Kila jani ni rafiki mpya utakayempata mwaka huo. Yakiwa shufwa bahati inageuka, na mwaka huu hatuna bahati ya kuchezea. Nimepanga sukuma, haradali, spinachi, kabichi, majani ya karoti, ya figili, ya bitiruti, ya tanipu, na vitunguu vya majani. Tisa. Kama mama yake Terrence atakuwa mmojawapo wa marafiki hao tisa, tutavumilia.

Kuhusu kiapo. Utajibu wewe, kwa sababu ni wewe uliyeapa. Lakini nitakuwa nimesimama karibu nawe. Usiseme maneno mengi. Useme, "Haina, kwa jina la Odalie," na ufunge mdomo. Fanya mazoezi.

Philomène

---

Anse Bleue
20 Aprili 1987

Wifi yangu,

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Umesahau kofia yako ya kanisani. Ovide kaijaribu, haimkai.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo hukuliona, na ulipouliza kwenye gari kiapo kilikwendaje nilijifanya nasinzia. Nilikuwa silali. Nilikuwa siwezi kulisema mbele ya Ovide.

Kumbuka Ijumaa, saa ile gumbo ilipoiva tukaionja. Wewe ukanitazama, mimi nikakutazama. Ilikuwa ya kijani, ilikuwa nzito, ilikuwa na kila kitu, na haikuwa na mgongo. Ilikuwa kama mtu mzuri asiye na la kusema. Ukasema, "Natoka kupunga upepo," ukachukua mkoba. Wifi, nani anapunga upepo na mkoba? Nikakufuata kwa dirisha. Nikakuona unafungua, unatoa karatasi ya buchani, unafunua. Taso! Na nzuri, yenye mafuta pembeni. Ulitoka nayo New Orleans, umekaa nayo kwenye basi, umeingia nayo kanisani kwenye Njia ya Msalaba!

Nilitaka kukuita. Sikukuita. Nilikuwa nimeshika kijiko na, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja uilete. Nilishasogeza mfuniko. Ulisimama pale kwenye uzio muda mrefu, ukiinusa. Halafu ukapiga mluzi, sikujua kama unajua kupiga mluzi, ukamrushia mbwa wa Ovide. Nikarudisha mfuniko.

Hapo hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Célie. Peke yake. Terrence alikuwa bado anaegesha gari, akihangaika asikanyage maua yangu. Akanibusu, akanusa, akaenda kabatini akachukua bakuli, lile la bluu alilolitumia kula utotoni. Mimi nikajua saa imefika. Nikajifuta mikono. Nikasimama wima. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, "Haina, kwa jina la Odalie," nimeyasema mbele ya kioo wiki mbili, nimemsomea Ovide, nimemsomea Padri. Wewe uko nje na mbwa. Nikasema moyoni, nitaapa peke yangu basi.

Hakuniuliza.

Alichota. Akavuta kiti. Hakutazama ndani ya bakuli, Philomène, alikuwa anatazama nje dirishani, anamtazama Terrence na maua. Akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mimi nimesimama na kiapo changu kama mtu aliyevaa suti kwa sherehe iliyoahirishwa. Nikashindwa. Nikamwambia, "Hutaki kuniuliza?" Akasema, mdomo umejaa, "Nikuulize nini?"

Nikasema, "Si lolote." Akasema, "Inataka chumvi."

Na ilitaka chumvi kweli! Ndicho kilichokuwa kimekosekana! Sisi wawili, miaka yote hiyo mbele ya jiko, tumetegemea chumvi ya taso mpaka tumesahau kwamba ipo nyingine. Nilipogeuka kuifuata chumvi nilikaa huko stoo muda kidogo. Ndiyo maana uliporudi ukanikuta na macho mekundu nikakwambia ni vitunguu. Havikuwa vitunguu. Nililia kwa furaha, na kwa hasira kidogo, maana nilifanya mazoezi mengi.

Mengine uliyaona. Terrence alivyoosha vyombo. Ovide alivyokula na kumuuliza mbwa wake kwa nini hali. Célie alivyosema harusi itakuwa hapa, chini ya miti yangu, na wewe ulivyojifanya umepaliwa tena.

Sasa kuna tatizo. Asubuhi hii mama yake Terrence kanipigia simu, anataka kujua tutawapa wageni nini. Nikamwambia kwa majivuno, mama, usihofu, tunajua kupika bila nyama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bila nyama kabisa?" Wifi, kumbe yule mama anakula nyama kama simba! Zile mbaazi za kopo alikuwa anazila kwa kumwogopa Célie. Tumeongea saa nzima. Nimempenda sana.

Wifi yako,
Azélie

---

New Orleans
Jumatatu, 27 Aprili 1987

Azélie,

Kuhusu mkoba, wewe ulisogeza mfuniko.

Kofia yangu mpe Ovide aitunze, asiivae. Nilitaka kukujibu mapema lakini nilikuwa na mambo, na leo limetokea jingine, ndiyo maana nakuandikia kabla sijavua aproni.

Célie alikuwa na mapumziko, akaja kula. Mimi tangu jana nimeroweka maharage, asubuhi nikayabandika, na mkono wangu, Azélie, mkono huu ulioshika kinanda cha kanisa miaka yote ile, ukaenda wenyewe kwenye jokofu, ukachukua nguruwe wa siki, ukamtia. Sikufikiri. Ni Jumatatu, ni maharage, mkono unajua njia. Nimestuka nasikia hodi na harufu imeshajaa nyumba.

Nilikuwa na nafasi ya kumtoa. Ni kijiko kimoja tu, na jaa liko pale pale. Nimekuwa nikimtoa kila Jumatatu, na kikishatoka nilikuwa naona kimetoka. Nikashika kijiko. Nikawaza habari zako, umesimama jikoni na suti yako ya kiapo, nikakiweka chini.

Nikafungua mlango. Kabla hajavua koti, kabla hajanibusu, nikamwambia, "Célie, maharage yana nyama."

Akasema, "Najua."

Nikamwambia hapana, hujui, leo nimesahau, mkono umezoea. Akasema, "Mama mdogo, najua. Ya leo na ya wiki zote." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Alikuwa anasikia harufu tangu kwenye ngazi, na alikuwa anakula kwa sababu mimi nilikuwa naamini nimeitoa, na hakuniuliza hata siku moja, asije akanilazimisha nimdanganye. Kila Jumatatu, Azélie. Alikuwa anapanda basi kutoka Baton Rouge kuja kunifichia aibu yangu mwenyewe.

Nilikaa pale pale barazani, kwenye kile kiti cha kuwekea miavuli. Nilitaka kulia lakini yeye alikuwa anacheka, na mimi nikaanza kucheka, tukacheka mpaka Mama Delphine akagonga sakafu yake na fagio.

Maharage tumempelekea yeye juu, yote. Ndani sikuwa na kingine zaidi ya mkate wa jana na siagi. Nimeukata, nimeupasha moto, tumekula tumesimama jikoni kama wanafunzi waliochelewa. Alikula nusu ya mkate. Akasema hajawahi kula chakula kizuri kama hicho nyumbani kwangu. Nadhani hakuwa anatania.

Jumatatu ijayo anakuja tena, na nimemwambia atie chumvi mwenyewe.

Philomène